Jogoo wa Mama Mkwe

Kuku wa zawadi naye hulala tengani. Mmelisikia neno hili mkacheka, na sasa mnaniuliza lilitoka wapi. Haya, sogeeni. Chanzo chake ni mwanamke mmoja, Kidawa, aliyeolewa hapa Kwamgogo kabla chanjo ya kuku haijatufikia.

Kidawa alikuja na kuku wawili kutoka kwao. Akawalea kwa mkono wake: pumba asubuhi, mchwa wa kuchimba jioni, majivu bandani kufukuza utitiri. Mwaka wa pili wakawa kumi na tisa. Vingine vyote nyumbani mle vilikuwa vya ukoo wa mume; kuku ndio waliokuwa wake.

Mwaka huo kideri kikaingia kijiji cha jirani. Kuku wakapinda shingo na kufa, banda baada ya banda. Kidawa akawa haondoi macho kwenye njia.

Siku moja akaja mama mkwe wake, Bi Mwashamba, na binti yake Siwema. Kwapani mama mkwe alikuwa na jogoo mwekundu, zawadi kwa mkwe wake.

Kwetu kuku wa zawadi hufunguliwa kamba pale pale, akachanganyika na wenzake mtoaji akiona. Ndipo mtoaji hunywa uji. Ukimtenga, umesema mkono uliomleta ni mchafu.

Kidawa akammwagia jogoo pumba. Jogoo akadonoa mara moja, akasimama kama anayewaza.

"Ahsante sana, mama. Nitamlaza tengani siku saba, nyuma ya jiko."

"Tengani? Kama kuku wa mnadani?"

"Kuna kideri, mama."

"Kwangu hakuna! Leo asubuhi nimemtoa bandani mwangu."

Siwema akacheka. "Wifi, mpime na homa basi! Muulize na alikolala."

"Simwogopi jogoo mwenyewe, wifi."

"Kumbe unamwogopa mama."

Kidawa akamfunika jogoo kwa tenga nyuma ya jiko, akaweka jiwe juu. Aliporudi uwanjani, bakuli la uji alilowawekea lilikuwa limejaa vile vile na wageni walikuwa wameshaondoka.

Tangu hapo akawalisha kuku wake kwanza, jogoo mwisho, kisha akanawa mikono na miguu kwa majivu. Kisimani wanawake wakanyamaza kila alipofika.

Siku ya tatu jogoo akawika. Akawika tena, kijiji kizima kikasikia.

"Mgonjwa hawiki," alisema Mhina, mumewe. "Mfungulie, nikamwombe mama radhi."

"Bado siku nne."

"Na akitoka mzima?"

"Nitakwenda kwa mama kwa magoti."

"Asipokupokea je? Utarudi kwenu?"

"Nitarudi," alisema Kidawa. "Na kuku wangu nitarudi nao."

Mhina akatoka bila kuaga. Jioni ile Kidawa alichuchumaa mbele ya tenga, mkono juu ya jiwe. Jogoo akamtazama kwa jicho safi kabisa. Kidawa akalisukuma jiwe kidogo. Kisha akalirudisha, akaenda zake akilia.

Siku ya tano jogoo hakuwika. Kidawa akainua ukingo wa tenga: shingo ilikuwa imepinda, kinyesi kijani. Kabla ya adhuhuri akafa. Yeye na Mhina wakamfukia chini sana, tenga wakalichoma.

Siku hiyo hiyo habari ikaja kwamba kwa Bi Mwashamba hakubaki kuku hata mmoja. Hata aliyekuwa akiatamia alifia juu ya mayai. Kidawa hakufurahi. Siku nyingi aliwaamkia kuku wake akiwahesabu kwa hofu. Kumi na tisa. Kumi na tisa.

Miezi ilipopita na ugonjwa ukaisha, akachagua mitetea wawili waliokuwa wazuri kuliko wote, akawapeleka kwa mama mkwe. Bi Mwashamba akawapokea bila kutabasamu. Akawatazama macho, akawapekua chini ya mbawa. Kisha akavuta tenga, akawafunika wote wawili, mtoaji akiona.

Kidawa akahisi uso unawaka moto. Kuku wake! Aliowajua tangu yai!

"Umekasirika, mwanangu?"

"Kidogo, mama."

"Hata mimi nilikasirika. Keti unywe uji." Bi Mwashamba akamsogezea bakuli. "Kuku wa zawadi naye hulala tengani."