Mkuu wa Stesheni Alisema Nini?

Ikupa alikuwa amefika ndizi ya kumi na nne, utomvu umemganda vidoleni, binti yake Atupele alipoingia jikoni bila hodi.

"Mama, weka kisu chini. Baba amekata shauri."

"Shauri la nini? Ndizi hazijimenyi."

"La kitabu. Anasema macho yake yamekwisha kabisa, na kesho sisi sote tunaondoka, kila mtu kwake. Kitabu kiende na mmoja wetu. Apewe yule ambaye bila yeye kitabu kingekufa. Na wewe ndiye utakayemtaja, tukishakaa kula."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Eti kwa kuwa huna upande. Hujawahi hata kukifungua."

Ikupa akaishika ndizi ya kumi na tano, akajikata kidole.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya Kirusi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, nene kama tofali. Jalada lilipotea zamani, hata jina lake hakuna aliyelijua. Mumewe, Mwalimu Mwaisaka, alikinunua ujanani kikiwa hakina jalada, na mwisho wake ulipotea kabla hajaufikia. Ndani mna mkuu wa stesheni aliyesikia mlango ukigongwa wakati wa dhoruba ya theluji, akaona uvivu kutoka kitandani. Kulipotulia, akakuta mgeni amekufa kizingitini. Akasema hakusikia kitu. Tangu hapo akawa mwema kuliko wote. Hakuna mlango uliogongwa asifungue, na mji mzima ukampenda. Kurasa mia saba anajiuliza: wema huu ni wangu, au ni wa yule maiti? Niseme, au ninyamaze? Mwishoni anasimama kanisani mbele ya watu, anafumbua mdomo, anasema... na hapo kitabu kimekatika. Karatasi sita za mwisho hazipo. Zililiwa na mchwa; ndivyo nyumba nzima ijuavyo.

Basi watoto walikuwa watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Lwitiko alikuwa na mikono. Mwaka ule mvua za Tukuyu zilipoliangusha paa la chumba cha mbele, ndiye aliyekifukua kitabu kwenye tope. Alikikausha juu ya meko, ukurasa kwa ukurasa, siku tisa, kisha akakishona kwa uzi wa gunia. Bila Lwitiko, ni tope tu.

Atupele alikuwa na sauti. Ukungu ulipoanza kuingia machoni mwa baba yake, ndiye aliyemsomea kila siku baada ya chai ya saa kumi, mara nne, toka mwanzo hadi kwenye ule mdomo uliofumbuliwa. Majirani walikuja na vigoda vyao. Bila Atupele, ni karatasi zilizofungwa.

Tusekile, kitinda mimba, alikuwa na kichwa. Wale Warusi, mtu mmoja ana majina matatu, na mkewe humwita la nne. Kuna siku majirani walimlilia mtu ambaye hakuwa amekufa. Tusekile akachukua mkaa, akauchora ukoo mzima ukutani, akawabandika majina ya kueleweka: huyu Bwana Filimbi, yule Mama Birika. Toka siku hiyo kila mtu alijua amlilie nani. Bila Tusekile, ni kelele.

Ikupa aliwasikia ukumbini wakati sufuria inachemka.

"Wewe ulikianika tu, kama shuka," Atupele alimwambia kaka yake.

"Na wewe ulisema tu. Hata redio inasema."

"Bila ukuta wangu," Tusekile akadakia, "mngekuwa matangani hadi leo."

Kisha, kama kawaida yao, wakasahau kilichowagombanisha, wakamrudia mkuu wa stesheni. Lwitiko akashikilia kwamba alikiri. Atupele akasema alitangaza wimbo, akaketi. Tusekile akasema alikiri, ila watu wakacheka, hakuna aliyemwamini, na hiyo ndiyo adhabu.

Mwalimu akacheka hadi akakohoa. "Miaka ishirini na moja mnabishana! Mwisho ungekuwepo, tungekuwa tumekisahau kama vile vingine kabatini. Wale mchwa nawashukuru."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

Hapakuwa na mchwa. Palikuwa na masika, mkaa uliolowa, na Tusekile mchanga anayeungua homa, hajala toka asubuhi. Ikupa alinyoosha mkono rafuni, akashika kilichokuwa karibu. Akachana karatasi sita za nyuma ya kitabu. Moto ukawaka, uji ukaiva, mtoto akala. Hakusoma hata mstari mmoja. Mumewe aliporudi na kuuliza, akajibu neno la kwanza lililomjia, na mpaka leo kila Januari Mwalimu anamwaga dawa ya mchwa kwenye rafu ile.

Sasa akili ikamvurugika. Yule ambaye bila yeye kitabu kingekufa! Alikuwa amekikata miguu, au amekipa pumzi? Akisema, ni kama anawanyang'anya watoto wake zawadi kwa kosa lake mwenyewe. Asiposema, atamtaja mmoja wao akiwa ameufunika ukweli. Na ukweli wenyewe, baada ya miaka yote hii, unamsaidia nani? Akageuza ndizi. Zilikuwa zimeanza kushika chini.

Akapakua. Ndizi na maharage, sahani tano. Akahesabu watu kama alivyowahesabu kila siku tangu walipozaliwa: Mwalimu, Lwitiko, Atupele, Tusekile, na yeye mwenyewe. Wote wapo. Kitabu kimelazwa katikati ya meza, kando ya chumvi.

"Haya, Mama Lwitiko," Mwalimu akasema, uso wake ukiufuata mvuke wa chakula. "Ni nani?"

Ikupa akafuta mikono. Akafumbua mdomo.

Ninyi mnaosikiliza, msinitazame mimi. Mikono iliyokikausha, sauti iliyokisoma, kichwa kilichokifungua, au moto ulioivisha uji? Mngekuwa ninyi mmeketi pale, wanne wanawasubiri na chakula kinapoa, mngemtaja nani?