Usaili wa Saba wa Chande

Palikuwa na Jemadari katika nchi ya Mtitu, tumbo lake likifika barazani kabla ya upanga wake. Huyo Jemadari alikuwa na sharti moja tu, la tangu mababu: akida wa jeshi la Sultani lazima awe mtu ambaye hajawahi kushindwa jambo lolote. Msicheke bado. Mtu asiyewahi kushindwa mnamjua, ni yule aliyelelewa kwa halua, hajajaribu kitu tangu azaliwe. Basi kila mwaka vijana wa nyumba kubwa kubwa walikwenda kwenye usaili, wakaulizwa hali za baba zao, wakatoka na vilemba vya uakida.

Chande hakuwa wa nyumba kubwa. Kazi yake ilikuwa kuswaga punda wa kubeba chokaa, na mdomo alikuwa nao. Usaili wa kwanza aliambiwa amejibu upesi mno. Wa pili, amejibu polepole mno. Wa tatu akaonekana mwembamba, wa nne miguu yake ina chokaa. Wa tano hakuulizwa kitu. Jemadari alipomwona tu akafudikiza kikombe chake cha kahawa, na kikombe kikifudikizwa ujue umeanguka. Wa sita alikikuta kikombe kimefudikizwa tayari.

Mtaani walimcheka mpaka wakachoka. Mkewe akamwambia hata punda akipigwa mara tatu hujua kwamba njia si hiyo. Chande alikuwa akirudi nyumbani analia, sitawadanganya, analia machozi kabisa. Asubuhi anafua kanzu yake, anaianika kwa mwaka ujao.

Muda mfupi baada ya usaili wa sita vikazuka vita na watu wa Mlimani. Maakida wa vilemba wakafika Mto Kizanda, wakasikia mshale wa kwanza, wakatimua mbio, Jemadari akiwa mbele yao. Askari wakaachwa majini. Mrisho, mdogo wake Chande, alikuwa askari wa kawaida. Alirudi siku ya tisa akitambaa, paja limetobolewa. Na kabla donda halijafunga akaletewa amri kwamba mvua zikikatika arudi vitani, chini ya maakida wale wale.

Hapo Chande hakukitaka tena kilemba kwa ajili ya kichwa chake. Alitaka mdogo wake asiachwe mtoni mara ya pili.

Jemadari aliposikia kwamba mswaga punda anakuja tena, akatangaza kuwa akianguka mara ya saba asikanyage barazani maisha yake yote. Asichokijua ni kwamba safari hii Sultani mwenyewe, moyo ukimuuma kwa vita alivyoshindwa, angekuja kuketi pembeni na kusikiliza.

Chande akaingia, akasimama juu ya mkeka.

"Jina?" akauliza Jemadari.

"Lile lile la mwaka jana."

"Umeanguka mara ngapi?"

"Sita. Na aliyeniangusha ni wewe."

"Huoni haya kurudi?"

"Naona, Jemadari. Nimekuja nayo."

Sultani akajikohoza kuficha kicheko. Jemadari akakunja uso, akasema jeshi linatafuta watu wasiojua kushindwa.

"Mliwapata," akasema Chande. "Walipokutana nako kule mtoni, wakawa hawajui la kufanya."

Jemadari akaanza kutoka jasho. Akaona heri ambane kwa maswali ya vita, maana mswaga punda atajulia wapi vita.

"Adui akikurudisha nyuma, utafanya nini?"

"Nitamrudia."

"Akikurudisha mara ya pili?"

"Nitamrudia."

"Na mara ya sita?"

"Jemadari, leo umemwona nani akiingia mlangoni?"

Wale vijana wa halua waliokuwa wakingoja zamu wakaacha kutafuna. Jemadari akatafuta pa kushika, akauliza kwa dharau kama mtu huyu amewahi kuongoza chochote.

"Punda kumi na mmoja," akajibu Chande.

"Punda," akasema Jemadari, akacheka, na maakida wake wakacheka kwa kuwa yeye amecheka.

"Ndiyo, punda. Na kila jioni hurudi nao kumi na mmoja. Wewe ulikwenda Kizanda na watu mia nne."

Kicheko kikakatika. Jemadari akainuka, akamgeukia Sultani, sauti inamtetemeka. "Maulana, tumeachiwa sheria na mababu. Mtu aliyeshindwa hakabidhiwi askari. Huyu ameshindwa mara sita kwa kinywa chake mwenyewe. Amuru atoke."

Sultani akaguna. Sheria ya mababu ni nzito, hata kwa Sultani. Akamtazama Chande kwa huruma, akamwuliza kama ana neno juu ya sheria hiyo.

Chande akamwona Mrisho akilini, amelala kwenye mkeka wake, anasubiri mvua zikatike. Akainamisha kichwa, akakiinua.

"Sina neno, Maulana. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Aliyeshindwa atoke, nami natoka. Ila Jemadari atangulie, maana katika kurudi nyuma mwenye uzoefu ni yeye."