Makofi ya Mwalimu Hezekia

Wahenga hawakuona haya waliposema kwamba mficha uchi hazai. Walitaka tujue kuwa anayeona aibu kufunua shida yake hukosa msaada ambao pengine umeshafika mlangoni pake.

Mwalimu Hezekia alifundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi huko Iguguno, na kwa miaka tisa aliumezea mate wadhifa wa mwalimu wa taaluma. Sasa wadhifa ulikuwa wazi. Mwalimu mkuu alisema angemteua mtu baada ya mthibiti ubora kuja kutazama vipindi.

Kipindi alichopangiwa Hezekia kilikuwa cha silabi za maneno ya Kiingereza. Hapo maji yakazidi unga. Alizihesabu kama za Kiswahili, kila irabu kofi moja, na majibu yake hayakulingana na ya kitabu. Rahel, mwalimu mgeni wa darasa la pili aliyetoka semina karibuni, alijitolea kumwelekeza. Hezekia akamjibu kwamba yeye alianza kushika chaki Rahel akiwa bado anatambaa.

Siku ikafika. Mthibiti, mama mpole aitwaye Selina, alimwuliza kabla ya kengele kama kuna mahali panapomtatiza, kwani muda wa kusaidiana ulikuwepo. Hezekia akasema hakuna.

Aliandika "orange" ubaoni, akapiga makofi matatu. Watoto hamsini wakapiga matatu, kwa nguvu na kwa imani. Akaandika "name", wakapiga mawili. Selina aliinama akaandika kwa muda mrefu, na Hezekia akatamani ardhi ipasuke immeze.

Wiki iliyofuata akateuliwa Rahel. Hezekia aliumia sana, ila hakujidanganya kuhusu sababu. Baada ya masomo alimfuata darasani, akamwomba amwoneshe. Rahel alimwambia aweke kiganja chini ya kidevu, atamke neno polepole, ahesabu kidevu kinashuka mara ngapi. Kwa "orange" kilishuka mara mbili, kwa "name" mara moja. Somo zima halikumaliza dakika kumi.

"Wewe ulijifunzia wapi haya, Mwalimu Rahel?"

"Kule semina, Manyoni. Nilisimama mbele ya walimu arobaini nikasema sijui. Walinicheka mpaka saa ya chakula, mwalimu. Halafu wakanifundisha."

Hezekia alishika tama. Kwa kukwepa aibu ya dakika kumi, alikuwa amepoteza alichokingoja miaka tisa. Hakika, mficha uchi hazai.