Maji ya Korongo

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye usingizi?
Akalale!
Mwenye sikio?
Asogee!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, sina sauti ya kushindana na meno yako.

Hapo kale palikuwa na bonde lenye chemchemi moja, na mfalme wake alikuwa Tembo. Bonde lile lilikuwa na desturi yake. Mfalme akitaka kumsamehe mkosaji, hana maneno mengi. Huvuta maji ya chemchemi kwa mkonga, akammwagia mgongoni, pwaaa! Maji yakishuka mpaka miguuni, kosa limekwisha. Hata kumtawaza mfalme mpya ilikuwa vivyo hivyo. Anayeondoka humwagia maji anayeingia, pwaaa! Basi, mfalme ni wewe.

Sasa, mwaka wa kiangazi kikali, Nungunungu alichimba viazi vitamu katika shamba la mfalme. Akawalisha wanawe. Kiazi kimoja akampelekea jirani yake Pimbi, ambaye alikuwa amelala shimoni na homa, midomo imekauka kama ganda. Alimmenyea, akamlisha polepole, akampangusa hata mdomo.

Nungunungu alikamatwa. Wakamuuliza, "Nani mwingine amekula?"

Akasema, "Mimi na tumbo langu."

Pimbi aliyasikia hayo kutoka shimoni mwake, akalia kwa kwikwi. Tangu siku hiyo alimpenda Nungunungu kuliko ndugu wa tumbo moja.

Hukumu ikatoka kwamba Nungunungu afukuzwe, ahamie Ng'ambo ya Mawe, kusikokuwa na maji wala kivuli. Lakini Tembo alikuwa mzee, na kesho yake alikuwa anastaafu, na wazee wakikaribia kuondoka roho zao hulainika. Akamwita Nungunungu chemchemini. Akavuta maji, mkonga ukalegea, maji yakamwagika chini. Akavuta tena, mkonga ukalegea tena. Akamwambia ndege Korongo, aliyesimama kando ya maji, "Korongo, mwanangu, nichotee wewe. Mimi namsamehe, wewe mwaga."

Korongo akajaza mdomo wake mrefu. Pwaaa! Nungunungu akasamehewa.

Baadaye ikaja zamu ya kumtawaza Kiboko. Mkonga ulikuwa bado umelegea. Kiboko mwenyewe alikuwa amezamisha kichwa kwenye maboga ya sherehe, nyam, nyam, nyam. Pwaaa! Akahisi ubaridi mgongoni, akasema "Mmh," wala hakuinua jicho.

Kiboko akawa mfalme. Akala shamba lake, akalimaliza. Akala shamba la bonde, akalimaliza. Ndipo macho yake yakatua kwenye kijishamba cha Nungunungu, mlangoni pa shimo lake, kilichokuwa kimestawi ajabu.

Kiboko akanguruma. "Ule msamaha ni batili! Tembo hakumwaga maji, Korongo ndiye aliyemwaga. Nungunungu ahame, na shamba libaki kwangu!"

Wanyama wakainamisha vichwa. Nani abishane na tumbo lile?

Pimbi akakimbia kwa jirani yake, tifu tifu tifu. Akamkuta anakusanya wanawe, ambao miiba yao ilikuwa bado laini, hata paka angewalamba.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Ninakopelekwa, mdogo wangu. Wewe angalia homa isikurudie. Safari hii hakuna wa kukumenyea."

Ee jamani! Pimbi akasimama mlangoni pa shimo. Akamshika mtoto mmoja, akamrudisha ndani. Akamshika wa pili, akamrudisha ndani.

"Keti kwanza," akasema. "Kiboko kafungua mdomo. Acha nimsaidie kuufungua zaidi."

Barazani, Kiboko alikuwa amekaa juu ya Jiwe la Enzi. Pimbi akaja mbele, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Umekuja kumlilia yule mwizi?"

"Hata! Nimekuja kukusifu. Maneno yako ni dhahabu, ila umeyasema mara moja tu, na wanyama hawa ni wasahaulifu. Wafundishe kwa wimbo, wayashike."

Kiboko alipenda kusifiwa kama alivyopenda maboga. Akatuna. "Waimbishe!"

Pimbi akaimba, "Maji ya Korongo?"

Wanyama wakaitikia, "Si maji!"

"Aliyemwagiwa?"

"Hakumwagiwa!"

"Alichopewa?"

"Akirudishe!"

"Na yeye mwenyewe?"

"Arudi alikotoka!"

Kiboko aliimba kuliko wote, mashavu yanatikisika, mate yanaruka. "Hiyo ndiyo sheria!" akapiga kelele. "Na asiyeitii nitamkalia!"

"Imepita, Mtukufu," Pimbi akasema kwa adabu. "Sasa utashukia upande gani, huu wa kulia au ule wa kushoto?"

"Nishuke? Niende wapi?"

"Ulikotoka. Dimbwini."

Hata nzi walitua.

Kiboko akauliza polepole, "Kwani mimi... nilimwagiwa na nani?"

Wote wakamtazama Korongo. Korongo akajikuna shingo, na shingo ile ni ndefu, alijikuna muda.

"Na mimi, Mtukufu. Wewe ulikuwa kwenye maboga."

"Uongo! Nani aliona?"

"Sisi sote!" wakasema wanyama.

Jasho likamtoka Kiboko, tiri tiri tiri. "Basi Tembo aitwe! Animwagie upya!"

"Tembo si mfalme tena," akasema Pimbi. "Alichomwaga enzi zake kimemwagika. Leo yeye hawezi kukuongezea tone, na wewe huwezi kumpunguzia Nungunungu. Maji yakimwagika hayazoleki, Mtukufu. Ama yote ni maji, ama yote si maji. Chagua."

Kiboko akalitazama Jiwe la Enzi. Akalitazama dimbwi, jeusi, limejaa vyura. Akameza mate, gubu!

"Ni maji," akanong'ona.

"Sijasikia, Mtukufu, masikio yangu madogo."

"NI MAJI! Ni maji kabisa! Na Nungunungu alimwagiwa!" Kisha akajikaza, maana mlafi hakosi neno la mwisho. "Je, akichimba tena kesho?"

"Akichimba kesho, mshtaki kesho. Maji yale yaliosha ya jana tu."

Nungunungu alikuwa nyuma kabisa, na wanawe wamemng'ang'ania miguuni. Hakushangilia. Alikaa chini tu, puu, kama aliyetua mzigo. Pimbi alimfuata akamwegemea, miiba na yote, ikamchoma kidogo na wala hakujali.

Jioni ile Pimbi alikwenda kwa Tembo, ambaye siku hizo alikuwa anasahau hata jina la bonde. Watu husema wawili hao ni ndugu, ukiwatazama meno. Pimbi alimhadithia yote.

"Nungunungu," Tembo akasema. "Alifanya nini hata akahukumiwa?"

"Alichimba viazi vyako, Babu. Kimoja nilikula mimi."

Tembo akafikiri. Akanyoosha mkonga wake uliolegea kuelekea kwenye maji.

"Masikini. Basi ngoja niwasamehe, wewe na yeye."

Pimbi akaukumbatia mkonga ule, akaulaza taratibu chini.

"Pumzika, Babu. Yeye ulishamsamehe, na imetosha."

"Na wewe?"

Pimbi akasita. Kisha akageuza mgongo, akainama. Tembo hakuwa mfalme tena, na maji yake hayakuwa na nguvu ya sheria yoyote. Tembo akavuta, yakatoka matone machache tu, yakamdondokea Pimbi mgongoni, naye akasimama akisubiri mpaka yakafika miguuni.

Hadithi yangu imekaukia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko, yeye hachagui.

Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: msimsamehe mtu hata siku moja. Ni kazi mbaya sana ile. Ukishamsamehe, basi, umemsamehe.