Mwili wa Mzee Anyosisye

Mzee mmoja alikuwa na mwili mwembamba, mwembamba hata mbavu zake zilihesabika juu ya shati. Jina lake Anyosisye. Alikuwa mfagizi katika chuo kimoja cha nyanda za juu, chuo kinachowafundisha vijana kazi ya kuhudumia wagonjwa wa dharura, ili wawe wa kwanza kufika lilipopinduka gari, ilipoungua nyumba, alipozimia mtu sokoni.

Chuo kilikuwa na vitabu, tena kilikuwa na sanamu la plastiki lenye ini la kuchomoa na moyo wa kuchomoa. Lakini sanamu halipumui. Siku moja mwalimu wa anatomia alimwona yule mfagizi akiinua ndoo, akaona jinsi mifupa na misuli yake ilivyojichora chini ya ngozi, akamwambia, "Mzee, hebu weka ufagio chini, uje utulalie hapa." Anyosisye akavua shati, akalikunja vizuri, akapanda mezani. Tangu hapo ikawa kazi yake ya kila Alhamisi asubuhi.

Wanafunzi arobaini walimzunguka kwa zamu. Walimwandika kwa kalamu: hapa ini, hapa bandama, hapa ncha ya moyo. Walitafuta mapigo ya shingo, ya kifundo cha mkono, ya kinena, ya nyuma ya goti. Mikono yao ilikuwa baridi, kwa maana ile ni nchi ya ukungu, naye hakulalamika. Akiambiwa avute pumzi, alivuta. Akiambiwa aizuie, aliizuia. Akimaliza alivaa shati lake juu ya maandishi yao, akarudi kufagia. Nyumbani mkewe alimsugua wino kwa sabuni na kumtania, "Leo wamekuandika barua ya kwenda wapi?"

Miongoni mwa wanafunzi alikuwako binti aitwaye Tupokigwe, mtoto wa wakulima wa viazi. Hakuja chuoni kwa bahati tu. Kaka yake alikuwa amegongwa na lori, akafa kando ya barabara huku watu wengi wamesimama wakimtazama, na hapakuwa na mmoja aliyejua pa kuweka mkono. Tupokigwe aliapa kwamba yeye atajua. Akasoma kuliko wenzake wote. Alijua kila mfupa wa mkono na kila mshipa wa shingo, na aliweza kuyataja majina hayo amefumba macho.

Sasa, juu kidogo ya kitovu, ukibonyeza kwa vidole, unaweza kuyahisi mapigo ya mshipa mkuu wa damu, ule utokao moyoni na kushuka tumboni. Kwa watu wengi ni kazi ngumu kuuhisi. Kwa Anyosisye ilikuwa rahisi. Mkono uliwekwa, na mapigo yakaunyanyua. Mwalimu alifurahi, akasema hajawahi kupata mwili unaofundisha vizuri namna hiyo.

Kitabu kilisema mshipa huo una upana wa kidole gumba. Tupokigwe, kwa kuwa alikuwa mwangalifu, aliupima kwa vidole vyake akaandika katika daftari. Mwezi wa tatu, vidole vitatu. Mwezi wa tano, vinne. Mwezi wa sita mzee alipokuwa akishuka mezani alijishika kiuno akasema, "Mgongo huu siku hizi unanisumbua. Nadhani ni ndoo." Siku hiyo Tupokigwe alifungua kurasa za nyuma za kitabu, zile za magonjwa, ambazo darasa lilikuwa halijazifikia. Akakuta habari ya mshipa unaochoka, ukavimba pole pole kama mpira wa baiskeli mahali ulipolika, mpaka siku unapasuka. Akausoma ukurasa ule mara mbili. Akaelewa.

Mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu, na mtihani ungefanyika juu ya mwili ule ule. Akisema, mzee atapelekwa hospitali, na mezani ataletwa mtu mwingine, labda mnene, ambaye mapigo yake hayapatikani. Tena mwalimu mwenyewe alimshika mzee kila wiki, na mwanafunzi ni nani hata amfundishe mwalimu? Akajiambia, nitasema mtihani ukiisha. Alhamisi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Hakumfanyia mzee ubaya wowote. Alinyamaza tu, akaendelea kumshika.

Siku ya mtihani aliweka mkono mara moja tu, akapata. Msimamizi akaandika alama za juu. Anyosisye, akiwa amelala pale pale, alimnong'oneza kwa furaha, "Umeweza, mwanangu."

Alikusudia kusema Ijumaa. Ijumaa wenzake walimbeba juu juu wakiimba. Jumamosi alikwenda kijijini kumpa mama yake habari, na mama akalia kwa sababu ya yule kaka. Jumatatu alirudi akapangiwa gari la wagonjwa kwa mafunzo ya vitendo, akavaa koti jipya. Jumanne, kabla ya adhuhuri, simu ikapigwa: mzee ameanguka katika shamba lake la maharage.

Alimkuta Anyosisye amelala kati ya mistari, mkewe amempakata kichwa. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Jasho lilikuwa baridi, miguu imebadilika rangi. Tupokigwe alijua kila kitu. Alijua jina la kilichopasuka, alijua damu inamwagikia wapi, alijua ni kwa nini mapigo ya kinena hayapatikani tena. Akamfunika blanketi, akamtundikia dripu, wakamwinua kwa machela. Daktari awezaye kushona mshipa ule alikuwa katika mji mwingine, mwendo wa saa sita. Hilo nalo alilijua. Mke akaketi mbele na dereva, na gari likaanza kupanda mlima.

Mzee alikuwa na fahamu zake. Akautafuta mkono wa binti, akauweka mwenyewe pale juu ya kitovu, mahali palipozoeleka. Akauliza, si kwa hasira, akauliza kama mtu anayetaka kujua, "Mwanangu, wewe si ulikuwa unanishika hapa kila Alhamisi? Hukuona kitu?"

Tupokigwe akasema, "Sikuona kitu, baba."

Uso wa mzee ukalegea. Akaupigapiga ule mkono, kama mtu anayembembeleza mtoto. Akasema, "Basi. Kama ninyi mliosoma hamkuona, mimi ningeona nini." Akafa kabla gari halijafika barabara ya lami.

Msibani mzee wa ukoo alisimama akatangaza kwamba ni mapenzi ya Mungu tu, kwa maana hata wasomi waliokuwa wakimpima marehemu kila wiki hawakuona dalili. Watu wakaitikia. Mjane alimshika Tupokigwe mikono yote miwili mbele ya waombolezaji, akamshukuru kwa kuwa hakumwacha mumewe afe peke yake, akampa maharage ya shamba lile yamefungwa katika kitenge. Tupokigwe aliyapokea. Alifungua kinywa aseme, na akinamama wakadhani analia, wakamfunika kwa khanga wakamtuliza.

Juma lililofuata alikwenda kwa mwalimu na daftari lake. Mwalimu alisoma: vidole vitatu, vidole vinne. Akalifunga, akalifungua tena. Kisha akasema, "Mimi niliuhisi uvimbe ule tangu Februari. Nikasema ni wembamba wake." Wala hakumtazama.

Akaenda kwa wenzake, mmoja mmoja. Mmoja akasema, nilidhani mwalimu anajua. Mwingine akasema, nilidhani ni vidole vyangu vibaya, nikaona aibu kuuliza. Wa tatu akasema, wewe ndiye uliyekuwa bora kuliko sisi sote. Ulipokosa kusema, nikajua hakuna neno. Alipofika kwa yule wa saba aliacha kuuliza. Mikono arobaini ilikuwa imepita juu ya kifo cha mtu yule, Alhamisi kwa Alhamisi, na kila mkono ulikihisi, na kila mmoja ukaandika jawabu sahihi.

Akaondoka akaenda mpaka nyumbani kwa mjane amwambie kweli. Akamkuta uani anafua shati la marehemu. Mjane akainua uso akasema, "Karibu, mwanangu. Ujue usiku nalala, kwa sababu yako. Ningedhani palikuwa na la kufanya, ningepata wazimu." Tupokigwe akakaa kwenye kigoda. Akaambiwa anywe chai, akanywa. Hakusema siku ile, wala hakusema baadaye, kwa maana ule uongo sasa ulikuwa ndio mto wa mjane wa kulalia, na hakujua tena kama kuuondoa ni kutubu au ni kuua mara ya pili.

Hata leo anafanya kazi katika gari la wagonjwa, na watu humsifu kwamba mkono wake haukosei. Chuoni wamepata mtu mwingine wa kulala mezani.

Nanyi mnaoketi hapa bega kwa bega, mnaopeana mikono kila juma na kuulizana habari za nyumbani: ni nani huyo ambaye mkono wako uko juu yake hivi sasa, na unasubiri jambo gani lako liishe ndipo useme ulichokihisi?