Mwanaharamu Yumo Ukutani

Palikuwa na baba mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake siku ya Jumamosi. Wageni wangelala kwake, na bafu lake lilikuwa aibu: marumaru za zamani zimepasuka, nyingine zimeanguka kabisa. Jumatatu akamwita fundi, na fundi aliyekuja alikuwa msichana. Ilikuwa kazi yake ya kwanza bila mwalimu wake.

Yule msichana akabandua marumaru zote. Lakini hakuchanganya saruji. Aligeuza nyundo, akaanza kuugonga ukuta kwa mpini, polepole, sikio karibu, kama mtu anayebisha hodi. Ukuta ukaitika ngo, ngo. Alipofika pembeni mwa bomba ukaitika bu. Akagonga tena. Bu.

Akamweleza mwenye nyumba kwamba plasta ya upande ule imeachana na matofali, nyuma yake kuna maji. Ibomolewe yote, bomba lizibwe, ukuta uachwe ukauke. Kwa Jumamosi haiwezekani.

Baba akacheka. Akamwuliza kama amekuja kutengeneza bafu au kulipima homa. Akasema mafundi wanaume walioijenga ile nyumba hawakuwahi kuongea na ukuta. Kisha akaacha kucheka.

"Binti, funika kombe mwanaharamu apite. Bandika. Wageni wakishaondoka tutaona."

Nani kati yetu hajawahi kuambiwa hivyo na watu wa kwao?

"Baba, huyu mwanaharamu hapiti," fundi akajibu. "Yumo ukutani. Ukinifukuza, nifukuze, lakini kwa mkono wangu hapabandikwi kitu."

Akafukuzwa. Na mnajua mtaani wanavyomsema fundi aliyefukuzwa kazi ya kwanza, tena msichana. Alikuwa anakusanya vifaa vyake mama mwenye nyumba alipoingia. Mama hakubishana na mtu. Aliokota nyundo, akapiga mara moja tu. Plasta ikaanguka kipande kizima. Nyuma yake matofali yalikuwa meusi, yameloa, yanamong'onyoka kwa kidole.

"Tangu Pasaka ya mwaka jana nakwambia ukuta huu unavuja," akamwambia mumewe. "Ukaniambia nipige deki."

Fundi akarudishwa. Jumamosi bibi harusi alioga kwa jirani. Wageni walipouliza, wakaambiwa ukweli, na ndoa ikafungwa vilevile.

Sasa sisi. Mlidhani namsema baba yule? Nasema sisi tunaomleta msichana aliyeumizwa na mtu wa kwao mbele ya kanisa, tunamwambia asamehe, tunamvisha kitenge kipya, tunapiga makofi. Nani alimwuliza alitendwa nini? Nani alikaa naye hata nusu saa? Tunaita amani, kumbe tumeogopa wageni wataonaje. Neema ya Mungu haikuletwa ili ifunike uoza, na mimi nakataa kuitumia hivyo. Wanaosema ukweli utavunja familia, nawauliza: familia inavunjwa na anayesema, au na aliyetenda?

Basi leo mtu akisimama hapa akasema anaumizwa nyumbani kwao, hatutaanzisha wimbo. Hatutamkatisha kwa maombi. Tutakaa, tutamsikiliza mpaka amalize, hata kama saa ya chakula itapita. Mwenye haraka atangulie.