Mwanasiti na Zimwi la Maranda

Sogeeni, mtege masikio, nina la kuwasimulia.

Palikuwa na mjane, Mwanasiti, mke wa mkereza vikombe vya mti. Mumewe alipofariki alimwachia keezo, chombo cha kuzungushia mti kwa kukanyaga, na nyumba iliyonyamaza. Akasema, "Nitajifunza mwenyewe."

Siku ya kwanza akabana patasi kwa nguvu, mti ukapasuka. Siku ya pili patasi ikang'ata, kipande kikaruka kikampiga kifuani. Siku ya tatu akakereza mpaka alasiri, akatoboa kitako cha kikombe. Akalia, na hapana aliyemuuliza analilia nini.

Ndipo zimwi likainuka kutoka kwenye maranda, yale maganda ya mti yaliyorundikana chini ya keezo. "Mwanasiti, nikupe mikono isiyokosea?"

"Kwa ujira gani?"

"Ile sauti ya mumeo unayoisikia moyoni ikikwambia, 'Legeza mkono, mke wangu.' Nipe mimi."

Mwanasiti akaitazama mikono yake iliyochubuka. "Hiyo sitoi."

"Basi utabaki peke yako na vikombe vibovu."

"Na nibaki."

Akafunga gogo jingine kwenye keezo, akakanyaga, akalegeza mkono. Maranda yakashuka membamba kama utepe, kikatoka kikombe. Kimeinama upande, lakini kizima. Akageuka kwa furaha amwonyeshe mtu. Hata zimwi lilikuwa limekwisha kwenda.

Akakitia kahawa, akanywa, akajiambia kwa sauti, "Kizuri."

Nami nimekoma hapo. Mwenye jirani mjane, kesho akampigie hodi.